Maji ya Baraka Yalivyopasua Kioo cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya parokia nzima, na suti nilikuwa nimeivaa.

Nawaandikia nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Sebuleni wanacheka. Nasikia jina langu, halafu nasikia "Kipushi", halafu kicheko kingine. Afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine, maana hapa Lubumbashi habari ya mtu haikai ndani hadi jioni.

Kwa wasionijua, mimi ni Ilunga, mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba kitu kikipata joto kinatanuka, kikipata baridi kinasinyaa. Nalijua jambo hilo vizuri mno. Ndilo lililonitesa tangu asubuhi, kwa sababu mtu asiyelijua angesinzia kanisani kwa raha zake kama wengine.

Sasa sikilizeni. Mama Mbuyi, mama wa mke wangu Béa, amenunua gari. Huyu mama anauza samaki wakavu wa Pweto tangu Béa yuko mgongoni. Miaka yote hiyo amesafiri juu ya malori, amekaa juu ya magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Hili ndilo gari lake la kwanza maishani: dogo, jeupe, usukani kulia kama mengi yanayotufikia kupitia Zambia. Yeye hajui kuendesha. Akaamua dereva wake niwe mimi.

Ufunguo alimpa Béa, Béa akanipa mimi. Kwao ni watu wa Kasai, na heshima ya mkwe kwao si mchezo. Mimi na Mama Mbuyi hatushikani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani machoni. Akiwa na neno kwangu anamwambia Béa, hata kama nimesimama hapo hapo. Miaka tisa ya ndoa tumeishi hivyo, kwa amani kabisa. Na neno lililokuja pamoja na ufunguo lilikuwa moja tu: gari lisitoke nje ya lango mpaka libarikiwe na Padri Jumapili.

Jumapili ndiyo leo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimwambia Béa naenda kuosha gari. Nikaliosha kweli. Nikalifuta. Nikakaa ndani kidogo, kunusa tu. Halafu nikajiambia kwamba injini iliyosimama siku tatu inahitaji kupashwa moto. (Hiyo ni sayansi. Msinibishie.) Nikaipasha uani. Kisha nikaipasha barabarani. Nilipokuja kujitambua nilikuwa njia ya Kipushi, kioo cha pembeni nimekishusha, kiwiko nje, nawapungia mkono watu nisiowajua.

Mbele yangu kulikuwa na lori la changarawe lisilofunikwa. Mtu mwenye akili angekaa mbali. Mimi nilikuwa na gari jipya, kwa hiyo akili niliiacha nyumbani. Nikalisogelea ili nilipite.

Tak!

Kijiwe. Kidogo kuliko punje ya mahindi. Kilipiga kioo cha mbele upande wa abiria. Nikasimama kando, nikashuka, nikapagusa kwa ukucha. Kidonda, na miguu miwili mifupi kama ya buibui mchanga.

Niwaeleze kwa nini niliogopa hivyo, maana wengine mtasema "si kidoti tu?" Vioo vya pembeni vikivunjika vinamwagika punje punje, vyote kwa pamoja, yamekwisha. Kioo cha mbele si hivyo. Hicho ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, kwa hiyo hakimwagiki, kinachanika. Kidonda kidogo kinaweza kukaa mwezi mzima kimetulia. Halafu siku moja ni shimo la barabarani, au jua kali, au baridi ya ghafla, na ufa unakimbia kutoka hapo mpaka pembeni. Watu wanasema kimepasuka chenyewe. Hakuna kioo kinachopasuka chenyewe. Siku zote kuna mtu anayejua.

Nilijaribu kutunga sentensi za kumpelekea Mama Mbuyi kupitia Béa. Nilitunga kama tano hivi, pale pale kando ya barabara. Zote zilikuwa na neno "Kipushi" ndani.

Nikageuza gari. Nikaendesha pole pole kama mtu aliyebeba mayai. Karibu na mzunguko kuna mama anayeuza rozari na vibandiko siku za Jumapili. Nikanunua kibandiko cha Bikira Maria, wa joho la bluu, nikambandika juu ya kidonda. (Mama Maria anisamehe. Nilichagua mkubwa.)

Nilipoingia uani, Mama Mbuyi alikuwa ameshatoka nje, kitenge kipya, kilemba kimekaa sawa. Bahati yangu, alidhani nimelisogeza hatua mbili tu nje ya lango kuliosha, na hilo lingesameheka. Akakiona kibandiko. Akasimama. Akaweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, natazama viatu vyangu.

"Béa," akasema, "ambia bwana yako: miye nilisahau, yee alikumbuka. Mama Maria njo atatangulia mbele ya gari yangu. Bakwe ba hivi, beko bangapi katika Lubumbashi?"

Béa akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Ambia mama aksanti."

Mama akaingia ndani kuchukua rozari. Béa akabaki ananitazama. Béa ananijua.

"Papa Jérémie," akaniita kwa jina la mtoto wetu, "uko na jasho. Juu ya nini?"

"Ni mwezi wa kumi. Iko joto."

"Saa moya ya asubui?"

Nikaanza kufuta tairi ambayo ilikuwa safi.

Safari ya kwenda kanisani ni ya dakika kumi na tano. Kwangu ilikuwa safari ya kwenda Lukafu, kwenye njia ya matope, wakati wa mvua. Mama Mbuyi alikaa nyuma pamoja na Béa. Kwa ajili ya heshima nilikigeuzia juu kioo cha kutazamia nyuma, nisije nikakutana na macho yake, kwa hiyo nyuma nilikuwa naona paa tu. Mbele nilikuwa naona Bikira Maria tu. Kila shimo nililiingia kwa kubana meno, na baada ya kila shimo nilikitazama kibandiko kama mguu wa buibui umetokeza. Ulikuwa bado haujatokeza.

Halafu nikasikia sauti miguuni pa Mama. Ko, ko, ko. Kitu kigumu kinagonga plastiki.

"Ni nini ile inalia?" nikamuuliza Béa.

"Ni bidon ya maji. Mama aliweka mu congélateur tangu jana. Mon Père atabariki nayo gari."

Jana usiku umeme haukukatika, friza ikagandisha mpaka asubuhi. Wiki nzima tulikaa gizani, na jana, jana hiyo hiyo, umeme ukakaa usiku mzima! Nikashika usukani kwa mikono miwili. Kichwani nilikuwa naona ubao wangu wa darasani: kioo chenye kidonda, jua la mwezi wa kumi, maji ya barafu. Mwanafunzi wa mwisho darasani angeniambia jibu.

"Béa, kwani maji ya kanisa haitoshe?"

Béa akamwuliza mama yake. Mama akamjibu kwa sauti ya upole.

"Anasema mukwe wake asihangaike, iko mingi."

Kanisani nilizunguka mara mbili nikitafuta kivuli. Kulikuwa na nafasi nzuri chini ya jakaranda. Nikaiingia. Mzee wa mlangoni akaja mbio anapunga mkono: magari ya kubarikiwa yapangwe mbele ya ngazi, ili wakristo wote wayaone. Mbele ya ngazi hakuna hata kivuli cha nzi. Tulikuwa magari manne, la kwetu la mwisho. Nikalizima, nikaliacha juani, nikaingia kanisani kama mtu anayeenda kusomewa hukumu.

Misa sikuisikia. Najua injili ilisomwa kwa sababu tulisimama. Kupitia dirishani niliona jua linapanda, na kila lilipopanda nilihesabu kioo kimepata moto kiasi gani. Nilimwomba Mungu alete wingu. Nikaomba Padri Dieudonné apate mgeni wa ghafla. Nikaomba hata mahubiri yaendelee mpaka jioni gari lipoe, na hilo siku zote nimeliombea kinyume.

Misa ikaisha. Watu wakatoka, wakajipanga kwenye ngazi. Kwaya ikaanza kuimba. Mama Mbuyi akamimina maji ya bidoni kwenye ndoo ya Padri, na nikaona kwa macho yangu kipande cha barafu kikubwa kama ngumi kinadumbukia.

Hapo akasogea Mama Agnès. Huyu ni mjane mzee anayefagia kanisa na kupanga maua, mtu mdogo, mpole, anayetembea kama anaomba ruhusa. Aliweka kiganja chake kwenye kioo cha mbele, akachungulia ndani, akatabasamu.

"Gari muzuri," akasema. "Mbuyi, umeteswa mingi. Sasa pumzika."

Akatoa mkono, akarudi kwenye ngazi.

Padri Dieudonné si mtu wa matone. Ana fagio la majani, analizamisha ndoani mpaka kwenye mpini, halafu anarusha kama anazima moto. Gari la kwanza: pwaa! Kimya, salama. La pili: pwaa! Salama. La tatu, salama, na mwenye gari akalowa suruali, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimesimama kando ya mlango wa gari letu, mikono nimeifumbata. Watu walidhani nasali. Nilikuwa nasali kweli.

Pwaa!

Sekunde moja, kimya. Nikaanza kupumua.

TAK!

Ufa ulitoka chini ya miguu ya Bikira Maria. Haukwenda haraka. Ulikwenda kama unatafuta njia, ukavuka kioo mbele ya macho yetu sote, ukafika mbele ya usukani, ukapinda, ukasimama. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Padri akabaki na fagio juu, linamdondokea kichwani.

"Yezu!" mtu akasema.

Mama Rose, mkubwa wa kikundi cha akina mama, akapiga ishara ya msalaba. "Baraka inakatala kuingia. Mu ile gari muko kintu."

Padri, ambaye hapendi maneno ya uchawi, akanigeukia. "Hapana, hapana. Prof, weye njo unajuaka mambo ya sayansi. Elezea bantu."

Basi nikaeleza! Kwa sauti ya darasani kabisa. Nikasema kioo kilikuwa na moto, maji yalikuwa baridi, kinachopata baridi ghafla kinasinyaa, na kisiposinyaa sawasawa kinapasuka. Nikaeleza hata kwa nini hakikumwagika, nikataja plastiki ya katikati. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Niliona naelekea kuokoka.

"Prof," akasema Mama Rose, "magari beko ine hapa. Maji ni ile ile. Jua ni ile ile. Juu ya nini inapasuka hii moya tu?"

Jamani. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata swali zuri namna hiyo. Na jibu lake lilikuwa limebandikwa kwenye kioo.



"Nani alishika ile kiyo?" Mama Rose akauliza.

Hakuna aliyesema jina. Walitazama tu. Mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na Mama Agnès akavuta kitenge chake, akasogea hatua moja pembeni. Mwingine naye akasogea. Pale kwenye ngazi iliyojaa watu, Mama Agnès akawa na nafasi kubwa kumzunguka. Kisha Mama Mbuyi naye akageuka, akamtazama. Alimtazama vibaya, niliona.

Nitawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza. Nilinyamaza. Nilifikiri, watasahau kufikia kesho. Nilifikiri, yeye ni mzee, hana gari, hana mkwe, atapoteza nini? Nilifikiri hivyo mimi, mwenye suti na diploma. Najionea aibu kuliandika.

Mama Agnès akauinua mkono wake, akautazama kiganja, upande huu na upande ule.

"Miye nilishika tu juu ya furaha," akasema. "Miye na Mbuyi tulianzaka kuuzisha samaki pamoya. Miye siwezi..."

Akaendelea kuutazama mkono, na nikaona kwamba yeye mwenyewe ameanza kuushuku.

Hapo nikashindwa. Nikaenda kwenye kioo, nikashika pembe ya kibandiko, nikavuta. Gundi ilikuwa bora kuliko nilivyohitaji. Ikatoka nusu ya juu, na joho la bluu na miguu vikabaki. Watu wakaguna kwa hofu. Nikakwangua kwa kucha, mbele ya Padri, mbele ya kwaya, jasho linanidondoka puani, mpaka kidonda kikaonekana na ufa unatokea ndani yake.

"Ni jiwe," nikasema. "Ni lori. Mama Agnès hakufanya kitu."

Hakuna aliyeelewa. Nikamtafuta Béa anifikishie neno kwa mama yake, lakini Béa alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Basi nikafanya jambo ambalo sijalifanya kwa miaka tisa. Nikamgeukia Mama Mbuyi, nikamtazama usoni.

"Mama, ni mimi. Nilitembeza gari asubuhi. Jiwe lilipiga, mimi nikaficha."

Mama Mbuyi, ambaye hajawahi kuniuliza hata saa ngapi, akaniuliza mwenyewe:

"Ulifika wapi na gari yangu?"

"Njia ya Kipushi, mama."

"Kufanya nini?"

Nilitafuta neno la sayansi. Halikuwepo.

"Kuonekana, mama."

Wa kwanza kucheka alikuwa Padri Dieudonné. Alijaribu kuinama kwenye ndoo, lakini mabega yalimsaliti. Halafu kwaya. Halafu ngazi nzima, watu wanashikana, mzee wa mlangoni amekaa chini kabisa. "Kuonekana!" mtu akarudia nyuma, na wakaanza upya. Naam, nilionekana. Kwa gari zima, njia ya Kipushi, labda nilionwa na watu ishirini. Kwa gari lenye ufa nimeonwa na parokia.

Mama Mbuyi hakucheka wakati huo. Alivuka ile nafasi tupu, akamshika Mama Agnès ule mkono wake, akaushika kwa mikono miwili mbele ya watu wote.

"Nisamee, yaya," akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Nilikuangaria mubaya."

Akamwongoza mpaka kwenye gari, akamfungulia mlango wa mbele, akamkalisha. Yeye akarudi nyuma kwa Béa. Heshima nayo ikarudi mahali pake.

"Béa, ambia bwana yako aendeshe. Pole pole. Na asipitie fasi ya kuonekana."

Tulikwenda hivyo, ufa mbele yangu, na robo ya Bikira Maria. Mama wawili na Béa walizungumza habari za samaki, na nyuma nikasikia Mama Mbuyi ameanza kucheka kidogo kidogo, akajizuia, akaanza tena. Yuko sebuleni sasa hivi, nadhani ndiye anayecheka kuliko wote. Mama Agnès hakusema nami neno njia nzima.

Tulipofika kwake nilishuka haraka nikamfungulia mlango. Nikamwomba msamaha. Akanyoosha kitenge chake taratibu, akanitazama.

"Prof," akasema, "siku ingine ukiharibu kintu, unitumie kwanza neno asubui. Nitabakia kwangu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi, ninyi mlioshika simu mnavunjika mbavu, najua siwezi kuwazuia. Ila leo parokia nzima imecheka, na ni mmoja tu ambaye hajacheka bado. Nawaomba mumsubiri yeye aanze.